Kompyuta Imeingia Wodini, Mbona Daftari Halitoki?

Leo mada ni hospitali, ila sitaongelea dawa kuisha wala manesi wenye majibu ya mkato, hayo tumeshayapigia kelele sana. Nataka tuongelee karatasi. Lile faili lako la kahawia lililokunjika kona, na kompyuta iliyoletwa kulistaafisha. Miaka kibao wafanyakazi wa hospitali zetu wanaambiwa waache kuandika kwa mkono, na bado ukienda leo utamkuta nesi kainama kwenye rejesta kubwa kama meza, kalamu mkononi, na kompyuta iko pembeni yake inawaka. Kwa nini?

Najua wengine mtasema "hii nayo ni habari?" Ni habari. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bima haiendi bila kumbukumbu. Lazima ijulikane nani katibiwa, kapewa nini, kwa shilingi ngapi. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za afya yako kuwa taarifa nyeti. Majirani zetu Kenya nao walipitisha sheria yao ya afya ya kidijitali Oktoba 2023. Kwa hiyo kwenye makaratasi ya serikali, karatasi inaondoka. Wodini je?

MANENO YA VIJIWENI

Ukiuliza mtaani kwa nini mifumo inasuasua, majibu ni yale yale. Kwamba wafanyakazi wa afya ni wazee hawajui kompyuta. Kwamba ni wavivu. Kwamba hawataki mfumo kwa sababu mfumo unaziba mianya ya ulaji. Hili la mwisho lina ukweli wake, nitalirudia. Lakini hayo mawili ya mwanzo mimi nayakataa. Nesi huyo huyo unayemwita mshamba wa kompyuta ana simu, anatuma hela, yuko kwenye magrupu manne, anajua mpaka kurusha status. Mtu wa namna hiyo hashindwi kubonyeza vitufe. Ukiona kitu kinamshinda, kiangalie hicho kitu kwanza kabla hujamlaumu yeye.

TUANZIE KWENYE VITABU

Ili uelewe lazima uijue MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ulianza kusambazwa miaka ya 1990, na ni mfumo wa vitabu. Kuna kitabu cha wagonjwa wa nje, kuna cha wajawazito, cha watoto, cha uzazi wa mpango, cha chumba cha kujifungulia, cha waliolazwa. Kila mgonjwa anaandikwa kwa mkono kwenye mstari wake. Mwisho wa mwezi mhudumu anakaa chini na kuanza kuhesabu: malaria wangapi, kuhara wangapi, walio chini ya miaka mitano wangapi. Anajaza ripoti, inapelekwa wilayani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaja DHIS2, programu ya bure iliyotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway na inayotumika nchi nyingi duniani. Kazi nzuri sana. Wizara ikaanza kuona takwimu za nchi nzima bila kusubiri malori ya karatasi. Lakini angalia ilipofika: kompyuta iliishia wilayani. Mtu wa wilaya ndiye aliyeingiza namba. Nesi wa zahanati alibaki na kitabu chake kile kile, anahesabu kwa vijiti vile vile, ila sasa anapigiwa simu mapema zaidi kuulizwa ripoti iko wapi.

Baadaye ndo ikaja mifumo ya ndani ya hospitali yenyewe. Chini ya TAMISEMI kuna GoTHOMIS, ambayo ipo kwenye hospitali za halmashauri na vituo vya afya vingi. Hospitali kubwa zina mifumo yake mingine. Hapo sasa ndipo kompyuta ilipomkuta nesi na daktari uso kwa uso. Na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo, maana kitabu hakikuondoka. Mgonjwa mmoja anaandikwa kwenye mfumo, halafu anaandikwa tena kwenye rejesta, na akilazwa faili la karatasi lipo vile vile. Wakaguzi wakija wanaomba rejesta ili walinganishe na ripoti. Mfadhili wa mradi naye ana kitabu chake. Sasa niambie, wewe una wagonjwa thelathini kwenye benchi, wawili wanatapika, mmoja analia, utaandika mara ngapi?

Jibu ni kwamba utachagua. Na watu huchagua kile ambacho bila hicho kazi inasimama. Tangu 2017 malipo ya serikali yalipoanza kupita kwenye mfumo wa pamoja, mgonjwa hawezi kulipa bila kontro namba. Kwa hiyo kwenye kompyuta kinachojazwa vizuri ni kile kinachotoa kontro namba: jina, kipimo, dawa, bei. Historia ya ugonjwa, mzio wa dawa, alichokuta daktari alipompapasa tumbo, hayo yanaandikwa maneno mawili au hayaandikwi kabisa. Ukimsikia daktari anaiita kompyuta "mashine ya wahasibu", usicheke. Ndivyo alivyokutana nayo.

KILA MTU NA DIRISHA LAKE

Kosa jingine ni kusema "wafanyakazi wa hospitali" kama vile ni mtu mmoja. Kila mmoja anaiona kompyuta kutoka kwenye kiti chake.

Mhasibu anaipenda. Hesabu zinafunga jioni na hakuna kitabu cha risiti kinachopotea.

Mfamasia anaipenda pia. Mwandiko wa madaktari tunaujua wote. Dawa iliyoandikwa kwa kibodi inasomeka, na akiba ya stoo anaiona pale pale.

Mtu wa maabara, vivyo hivyo. Majibu yakishaingia kwenye mfumo hakuna tena kipande cha karatasi kinachodondoka njiani kati ya maabara na chumba cha daktari.

Mtu wa masjala ana wasiwasi. Yeye ndiye anayejua faili lako liko rafu gani, na kujua huko ndiko kazi yake. Kompyuta ikishika vizuri, yeye anakuwa nani? Hakuna aliyekaa naye kumwambia.

Daktari yuko katikati. Kijana aliyetoka chuoni juzi anataipu haraka na anapenda kuona majibu yote kwenye skrini. Yule aliyezoea kalamu anaona anapoteza dakika, na tena anampa mgonjwa mgongo. Mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa kisogo cha daktari.

Nesi wa wodini ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Kitanda kiko huku, kompyuta iko mezani kule, moja kwa wodi nzima. Anapima presha vitanda ishirini, anaandika kwenye kikaratasi au kiganjani, halafu aende akapange foleni kwenye ile kompyuta moja ambayo daktari naye anaitaka. Faili la karatasi linaning'inia miguuni mwa kitanda. Kwake yeye karatasi iko karibu, kompyuta iko mbali. Hapo huhitaji utafiti kujua ipi itashinda.

Na kwa kuwa kompyuta ni moja, watu hawatoki kwenye akaunti. Anafungua wa asubuhi, wanatumia wote mpaka jioni kwa paswedi moja. Tutalirudia hili, maana ni zito.

TUSIIPAMBE KARATASI

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sijaja hapa kuitetea karatasi. Karatasi imetuumiza sana.

Mama yangu mdogo ana presha. Hospitali anayotibiwa siitaji, wala haina haja. Ndani ya mwaka mmoja faili lake lilipotea mara tatu. Kila mara anaandikiwa faili jipya "la muda", na kila mara daktari mpya anamuuliza: mama, ulikuwa unatumia dawa gani? Anajibu, vile vidonge vidogo vyeupe. Niambieni wadau, vidonge vyeupe vidogo viko vingapi duniani? Siku moja jamaa wa masjala akapewa ya soda, na faili la kwanza likaonekana ndani ya dakika tano. Ndo maana nilisema lile suala la mianya lina ukweli wake. Faili linalojulikana na mtu mmoja tu lilipo ni biashara.

Karatasi pia inadanganya. Chukua patografu, ile chati ya kufuatilia mwanamke mwenye uchungu: mapigo ya moyo ya mtoto, njia imefunguka kiasi gani, saa kwa saa. Ikijazwa kwa wakati inaokoa, kwa sababu inaonyesha mapema kwamba uchungu unakwama. Lakini ni jambo linalojulikana kwa wanaofanya kazi hiyo kwamba mara nyingi hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili lionekane safi. Chati nzuri, mistari imenyooka, na haikumsaidia mama yeyote. Tena usidhani ni roho mbaya. Mkunga mmoja na wajawazito watano usiku, mikono ikiwa kwenye damu, atachora saa ngapi?

Kwa hiyo ukimletea mkunga huyo kompyuta bila kumwongezea mwenzake, utapata uongo ule ule uliotaipiwa vizuri.

WENZETU WALIPITIA HAYA HAYA

Mtu asikudanganye kwamba hili ni la Waafrika. Los Angeles, Marekani, kuna hospitali kubwa ya Cedars-Sinai. Ilileta mfumo wa madaktari kuagiza dawa na vipimo kwa kompyuta. Mwanzoni mwa 2003, baada ya miezi michache tu, mamia ya madaktari wakagoma kuutaka, na hospitali ikauzima. Waliona unawachelewesha kuliko kalamu. Hao ni Wamarekani, wenye kompyuta kila kona.

Pittsburgh ndo inatisha. Hospitali ya watoto ya mji huo iliweka mfumo wa aina hiyo mwaka 2002. Utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba vifo vya watoto waliohamishiwa hapo wakiwa na hali mbaya vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba zamani ambulensi ikiwa njiani timu ilianza kuagiza dawa. Mfumo mpya ulikataa mpaka mtoto afike na asajiliwe. Dawa nazo zikakusanywa famasi kuu, nesi hawezi tena kuchota haraka wodini. Sasa sikia upande wa pili: hospitali ya watoto ya Seattle ilitumia programu ya kampuni hiyo hiyo na vifo havikupanda. Na mwaka 2010 hospitali ya watoto ya Stanford iliripoti vifo kushuka kwa asilimia 20 baada ya kuweka mfumo wa aina hiyo. Ukilinganisha unaona kwamba kinachoamua ni jinsi kazi ilivyopangwa kuizunguka ile programu, na kama waliopo wodini waliulizwa kabla.

Waingereza nao. Mwaka 2002 walianzisha mpango mkubwa wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa England nzima. Mabilioni ya pauni yakateketea, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Ulipangwa juu ukashushwa chini, hospitali zikapewa wasichokiomba.

Huku kwetu kuna mifano ya kujivunia ambayo hatuisemi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya, kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Kutoka kwenye uzoefu huo mwaka 2004 ikazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika nchi nyingi. Na angalia walivyofanya kwenye kliniki zao za VVU. Hawakumlazimisha daktari kutaipu. Daktari alijaza fomu ya karatasi, karani akaiingiza kwenye kompyuta, na mgonjwa akirudi kompyuta ikachapisha muhtasari: huyu anatumia dawa hizi, kipimo hiki kimepitwa na wakati, kumbuka kukiagiza. Daktari alipata faida mkononi mwake, siku ile ile. Hapo nani atakataa kujaza fomu?

Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitengeneza mfumo wa kugusa skrini, vitufe vikubwa, swali moja kwa ukurasa, unaotumia umeme kidogo na betri. Ulitengenezwa kwa ajili ya nesi aliyesimama, mwenye haraka, ambaye hajawahi kusomea kompyuta. Nao manesi wakautumia.

UMEME, MTANDAO NA SIRI

Kuna jambo ambalo wakubwa hawalipendi kusikia. Lile daftari analolificha nesi chini ya meza "kwa ajili ya dharura" ni akili, wala siyo ushamba. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgao wa umeme, wote tunakumbuka. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikawa ya kubahatisha, nyinyi wa kafe mnajua mlivyorudishiwa hela. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mfumo ambao seva yake iko ndani ya hospitali unaweza kuendelea hapo. Unaotegemea seva ya mbali unakata. Mwanamke mwenye uchungu hasubiri mtandao urudi.

Na siyo sisi tu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizikumba hospitali za Uingereza, madaktari wakarudi kwenye kalamu, maelfu ya miadi yakafutwa. Ireland ilipigwa Mei 2021. Afrika Kusini, Juni 2024, wadukuzi waliangusha mfumo wa maabara za taifa, majibu ya vipimo yakakwama. Hospitali ambayo wafanyakazi wake wamesahau kabisa kufanya kazi kwa karatasi iko hatarini siku hiyo.

Halafu siri. Faili la karatasi likiibwa, limeibwa moja. Kompyuta iliyoachwa wazi ina mafaili ya wilaya nzima. Kompyuta ina uwezo ambao karatasi haina: inaandika nani kafungua faili la nani, saa ngapi. Lakini hiyo inafanya kazi kama kila mtu anaingia kwa paswedi yake. Pale watu kumi wanapotumia paswedi moja, siku majibu yako ya VVU yakifika mtaani, mfumo utaonyesha jina la nesi mmoja aliyekuwa nyumbani amelala. Yeye analijua hilo. Unashangaa nini akiuogopa?

MIMI NASEMAJE

Kwanza, kazi mara mbili ife. Kituo kikionyesha kwamba mfumo wake unatoa ripoti ya mwezi iliyo sahihi, ipangwe tarehe na rejesta zifungwe, na wakaguzi waambiwe wakague kwenye mfumo. Bila hivyo tunamwongezea nesi mzigo halafu tunamwita mkaidi.

Pili, karatasi ya dharura iwe rasmi. Fomu chache, fupi, ziko kwenye droo inayojulikana, na mtu anayejulikana wa kuziingiza umeme ukirudi. Siyo daftari la kujificha.

Tatu, mgonjwa aondoke na kitu mkononi. Kadi ya kliniki ya mtoto imedumu miaka yote kwa sababu mama anaitunza mwenyewe. Muhtasari wa ukurasa mmoja, una dawa, mzio na vipimo vya mwisho, ungemwokoa mama mdogo na vile vidonge vyake vyeupe.

Nne, na hili ni letu vijana. Tuko wengi tumemaliza kidato cha nne, tunataipu bila kuangalia kibodi, tunakaa vijiweni. Kwa nini hospitali zisiajiri makarani wa data kama walivyofanya kule Eldoret, ili nesi arudi kwa mgonjwa? Najua mtaniuliza: we ungependa majirani zako wa kafe wasome majibu yako? Hapana, nisingependa. Kwa hiyo iwe kazi yenye mafunzo, kiapo, mkataba na paswedi ya mtu mmoja, na anayevujisha ashitakiwe kwa sheria ile ya 2022. Kujitolea kwa posho ya nauli hakuwezi kulinda siri ya mtu.

Pesa ya haya inatoka wapi ndilo swali gumu, na sitajifanya kwamba ni dogo. Kompyuta tano wodini, betri, na makarani wawili ni bajeti ya kila mwaka, siyo zawadi ya mfadhili ya siku ya uzinduzi yenye utepe na picha. Lakini hata hii hali ya sasa tunailipia. Tunailipia kwa vipimo vinavyorudiwa kwa sababu majibu yamepotea, na kwa madai ya bima yanayorudishwa kwa sababu fomu haijakamilika.

Sasa nawageukia wadau. Najua baadhi yenu ni wanafunzi wa uuguzi na utabibu, na wengine mna dada na shangazi wanaofanya kazi mapokezi. Waulizeni swali moja tu: wanamwandika mgonjwa mmoja mara ngapi? Mniachie majibu hapo chini, ila msitaje hospitali wala majina ya watu, tusije tukawaponza. Atakayesema mfumo wao unafanya kazi vizuri naye aseme, tena huyo aeleze walifanyaje, maana huyo ndo tunayemhitaji zaidi.

Naomba kuwasilisha.